Kisima Kimoja, Vijiji Vitatu

Siku hizi cheo hakipatikani kwa kukaa kazini, kinapatikana kwa kukaa mezani. Ndivyo shirika la visima lilivyoamua mwaka huu, na ndiyo maana Kidawa, mhudumu wa pampu kutoka kilima cha nyuma ya Nyangamara, alipanda basi hadi Kilwa Masoko kushindania usimamizi wa ofisi ndogo ya pale. Wenzake waliutaka usimamizi kwa sababu ya cheo. Kidawa aliutaka kwa sababu ofisi ile ina watu.

Miaka tisa amekaa kwenye kibanda cha pampu. Mume alitangulia mbele ya haki, wanawe wawili wako Dar, na simu zao ni za sikukuu. Wateka maji wako bombani kijijini, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Kule juu hafiki mtu ila aliyepotea njia. Ilifika mahali akawa anaamka na kuiuliza mashine, "Umelalaje?" kisha anajijibu mwenyewe, kwa adabu, ili siku isianze na kimya. Aliona aibu kumwambia mtu jambo hilo, na wa kumwambia hakuwepo.

Alipoingia ofisini Masoko alikuta makarani wawili wakigombea kiti chenye mto. Mmoja amekikalia, mwenzake anamvuta mkono, wote wanacheka. Kidawa akasimama mlangoni akiwatazama mpaka wakamuuliza kama anaumwa.

Washindani walikuwa wanne. Mkubwa wao alikuwa mzee Kornelio, fundi mitambo kutoka milima ya Kilwa ndani, aliyebakiza miaka miwili kustaafu. Kidawa alimwamkia kwa kuinama kidogo, "Shikamoo, baba," naye akaitika, "Marahaba, mwanangu, za huko?" Kulikuwa na Fakihi, fundi bomba wa Mtama, na Jenipher, karani kijana ambaye hana makuu, ila ulimi wake hauna breki. Msimamizi wa zoezi, Imani, alikuwa binti wa Dar mwenye heshima zake. Alimwamkia kila mwenye umri, kisha akaenda kukaa nyuma yao na kalamu.

"Hili ni zoezi la kikundi," alisema. "Hakuna mwenyekiti, hakuna mkubwa wala mdogo. Zungumzeni dakika arobaini, mimi nitatazama tu."

Hakuna mkubwa wala mdogo! Useme hivyo Kilwa uone: mkubwa atakohoa, na wadogo watangoja amalize kukohoa.

Karatasi iliyowekwa mezani ilisema hivi: kisima kimoja, vijiji vitatu kwenye bomba moja refu, dizeli imebaki ya siku tatu. Mtagawaje maji? Moyo wa Kidawa uliruka. Swali lile lilikuwa maisha yake. Alilijua kuliko alivyojua sura za wajukuu zake.

Mzee Kornelio akakohoa. "Mimi naona twende kwa zamu. Kila kijiji saa moja, halafu tunazima mashine, ipoe, tunawasha tena kwa kijiji kinachofuata. Haki sawa kwa wote."

"Baba amesema vizuri," akasema Fakihi.

Baba hakusema vizuri. Ukizima pampu, maji yanarudi chini na bomba linabaki tupu. Ukiiwasha tena, saa nzima inaishia kulijaza bomba, na kijiji cha mwisho kinaambulia upepo. Ilitakiwa mashine iende mfululizo, kijiji kimoja kwa siku, mpaka matangi yajae. Kidawa alifungua mdomo. Kisha akaufunga. Umeshika miguu ya mtu saa tatu, saa nne umwambie amekosea, tena mbele ya watu wanaoandika? Kwao mdogo hupewa neno, halichukui. Akamtazama mzee ampe. Mzee alikuwa anatazama karatasi.

Dakika zikaenda. Mwishowe alimwinamia Jenipher na kumnong'oneza habari yote ya bomba tupu. Jenipher akasimama papo hapo. "Samahani, mzee wangu, hapo maji hayafiki!" Akachora ubaoni, akaeleza vizuri sana. "Sisi tumeona hivyo," alisema, lakini nyuma yao kalamu iliandika jina la mmoja tu.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Walisahau kusema mshindo huo hauna nafasi kwenye fomu.

Wakati wa chakula mzee Kornelio alivuta kiti akakaa karibu na Kidawa, na sahani yake ya wali na samaki.

"Maneno ya yule binti yalitoka kwako. Nilikuona unanong'ona."

"Ndiyo, baba."

"Ulijua nimekosea?"

Kidawa akainamia sahani. "Nilijua. Lakini nilikuwa nimeshakuamkia."

Mzee aliweka kijiko chini. "Hata mimi nilijua, mwanangu. Nilisema lolote ili mlango ufunguke. Nilikuwa nangoja mtu anipinge, tuzungumze. Mkaniitikia amina." Akatikisa kichwa. "Mkubwa ni jalala. Ungetupa tu."

Kidawa alicheka, na kicheko chake mwenyewe kikamshtua. Akamuuliza mzee habari za mashine, za watoto, za mihogo ya mwaka huu, swali juu ya swali, hata majibu mengine hakuyasikia. Alikuwa anamzuia tu asiondoke. Simu ya mzee ikalia, akaomba radhi, akatoka nje kuzungumza na mkewe.

Saa tisa Imani alimwita kwenye chumba cha pembeni.

"Mama Kidawa, ofisi amepata Jenipher. Lakini tumekuona. Wengine wote walihangaika kusikika, wewe ulitulia. Watu wanaoweza kukaa peke yao ni wachache sana." Alitabasamu kwa dhati kabisa, maskini. "Tumependekeza upandishwe daraja. Kuna kisima kipya, mbele ya hapo ulipo, kwenye pori. Utakuwa mkuu wa kituo."

"Huko kuna nani?"

"Nani kivipi, mama?"

"Mtu."

Imani alifunua karatasi. "Hapana, mashine ya kule ni ya kisasa. Haihitaji mtu wa pili."

Kidawa hakungoja kupewa neno. "Sitaki, mwanangu. Mimi upweke unaniua."

Binti yule alimtazama, kisha akatazama fomu iliyojaa alama, imeshapigwa muhuri.

"Jamani, mama," akasema taratibu. "Mbona mezani hukusema kitu?"