Redio Juu ya Meza ya Upasuaji

Kinyozi hajinyoi, ndiyo maana asubuhi ile kazi ya kumnyoa mzee Redio iliniangukia mimi, nesi wa chumba cha upasuaji. Alikuwa amenyoa vichwa vya watu maisha yake yote, hadi ugonjwa wa Parkinson ulipomshika, mkono wa kulia ukaanza kutetemeka, na wateja wake wakagundua ghafla kwamba nywele ndefu zinawapendeza.

"Ulijifunzia wapi kunyoa?" aliniuliza. "Kwa mbuzi?"

"Tulia, mzee."

"Ningeweza kutulia, ningekuja hapa kufanya nini?"

Mkewe, aliyekuwa ameketi pembeni na viatu vya mumewe mapajani, alisema jina la Redio alibandikwa na majirani, ila redio za kweli zina kitufe cha kuzimia.

Daktari wa upasuaji, mwanamama mfupi asiyependa maneno mengi, alikuwa amekwisha kumweleza mpango. Angetoboa fuvu na kushusha waya mwembamba hadi ndani kabisa ya ubongo, na umeme kidogo wa waya huo ungetuliza mkono. Redio angekuwa macho muda wote. Ubongo wenyewe hauhisi maumivu, na maongezi yake ndiyo yangeonyesha kama waya umekaa pazuri.

Kisha akaja mtafiti na ombi lake. Alikuwa na utando mwembamba kama ngozi ya kitunguu, uliojaa elektrodi ndogondogo za kunasa mawimbi ya ubongo. Alitaka kuulaza juu ya ubongo wa Redio kwa muda mfupi kabla waya haujashushwa, aone kama unanasa vizuri kuliko vifaa vya zamani, halafu autoe.

"Utanisaidia nini?"

"Wewe? Hautakusaidia kitu," mtafiti alijibu. "Na unaongeza kidogo hatari ya damu kuvuja. Ukikataa, upasuaji wako uko palepale."

Redio alimkagua toka juu hadi chini. "Angalau si mwongo. Mwingine angeniahidi na nywele mpya. Weka. Mlango utakuwa umeshafunguliwa, mgeni mmoja zaidi hajazi nyumba."

Nilikaa chini ya kitambaa cha upasuaji kilichomfunika, uso kwa uso naye, nikiushika mkono wake wa kushoto. Ganzi ilikuwa imeshaingia. Keekee ya kutobolea fuvu ilipoanza kunguruma alisema, "Mwambieni fundi bomba mwenye nyumba yumo ndani."

Utando ulilazwa, na mistari ikaanza kucheza kwenye skrini. Mtafiti akamwomba akunje ngumi, aikunjue, kisha anyamaze kabisa.

"Nanyamaza," alisema Redio. Baada ya muda akauliza, "Hivi nimeshaanza?"

Walirudia. Safari ya pili alipiga chafya. Ya tatu akanyamaza kweli, lakini baadhi ya elektrodi zikafa zenyewe, na mtafiti akaguna kama mtu aliyekanyaga mwiba. Alichukua alichopata, utando ukatolewa.

Ikafika zamu ya waya. Daktari alipoongeza umeme, mkono wa kulia ulipunguza mtetemo, ukalala juu ya shuka kama paka aliyeshiba. Redio hakuona. Alikuwa ananisimulia habari za shemeji yake aliyeazima kiti cha kunyolea akakirudisha kina mguu pungufu. Daktari akapandisha umeme kidogo zaidi.

"Nikamwambia shemeji, hiki kiti..."

Basi. Mdomo ulibaki wazi, pembe yake moja imevutwa upande. Macho yalinitazama, na maneno hayakuja.

"Daktari, ameacha kuongea," nilisema.

Tangu asubuhi nilikuwa namwombea mtu huyu anyamaze, na sasa nilikuwa namwombea aseme lolote. Alinibana vidole hadi vikauma. Daktari alizima umeme, akausogeza waya kidogo, akawasha tena taratibu.

"...hiki kiti ulikipeleka kwako au kwa daktari wa kukata miguu?" alimaliza Redio.

Daktari, ambaye sijawahi kumwona akicheka kazini, alicheka ndani ya barakoa.

Baadaye, wakishona, Redio aliniita kwa sauti ya chini. "Nesi. Nilipotea?"

"Kidogo. Umerudi."

"Usimwambie mama watoto. Atauliza kitufe chenyewe kiko wapi."

Alisema hivyo huku machozi yanateremka masikioni. Nilimfuta. Mkono wangu hakuuachia mpaka walipomaliza.

Wiki kadhaa baadaye nilimkuta kliniki, ananywa chai kwa mkono wa kulia bila kuimwaga. Miguu bado ilikuwa mizito, na sauti imepungua nguvu, ingawa si maneno. Mtafiti alikuja na kompyuta kumwonyesha alichovuna: zaidi ya nusu ya elektrodi zilinasa vizuri ajabu, zilizobaki wanazitengeneza upya.

Redio aliikodolea macho mistari ile mirefu. "Hapa nilikuwa nawaza nini?"

"Bado hatujui kusoma kiasi hicho, mzee."

"Afadhali."

Mkewe alivuta kiti karibu na skrini, akamuuliza mtafiti hiyo elimu itachukua miaka mingapi.