Kaseti ya Zuwena Kutoka Malta

Nassor alikuwa na tabia moja iliyowachosha marafiki zake: kaseti ya mkewe hakuisikiliza peke yake. Ikifika tu, hualika watu nyumbani kwake Falls Church, Amerika, akawapikia pilau, ndipo akaiweka kwenye redio. Miaka hiyo ya themanini simu ya nje ilikuwa ghali, basi barua zilisemwa, hazikuandikwa. Jibu nalo lilirekodiwa palepale, upande wa pili wa kanda, kila mgeni akiweka salamu zake.

Mkewe, Zuwena, alikuwa Malta kwa kaka yake, fundi wa meli. Nassor ndiye aliyempeleka huko asome Kiingereza kwanza, maana hakutaka, alisema, kuaibishwa Amerika na mke wa kuelekeza kwa vidole dukani. Kiingereza chake mwenyewe alikiokota kwenye maegesho ya magari alikolinda, lakini nyani haoni kundule.

Kaseti za mwanzo zilikuwa za Kiswahili, tena tamu. Zuwena alisimulia mashua zilizochorwa macho, kivuko cha kwenda kisiwa cha Gozo, na wachuuzi wa samaki ambao moja mbili tatu yao, karibu sawa na Kiarabu, ilimkumbusha chuo cha Kurani. Nassor akamjibu, "Sikukupeleka kutembea. Sema Kiingereza au usiseme." Zuwena alipojaribu, Nassor alimsahihisha neno kwa neno, wageni wakicheka. Aliposema ameugua homa mwezi mzima, alimsahihisha hata hiyo homa.

Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, ikasikika kaseti ya Kiingereza kitupu. Nassor akaongeza sauti, kifua mbele. Hata Dunstan, mwanafunzi wa chuo kule Annandale, alistaajabu jinsi kilivyonyooka.

"Nassor," Zuwena alisema kwa Kiingereza hicho, "ulinikataza kusema mpaka nijue. Sasa najua. Kisiwa hiki nimekizunguka peke yangu na sikuogopa. Mwaka mzima hukuniuliza hata mara moja kama mimi mzima. Siji Amerika. Naomba talaka yangu."

Dunstan akainamia sahani yake tupu. Nassor alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliyekuwa hajui Kiingereza pale ni mmoja tu, Bi Kijakazi wa Mombasa, mama mtu mzima aliyelea watoto wa watu Langley Park.

"Mwanangu, asemaje mkeo?"

"Anawasalimu nyote," Nassor akasema. "Yu mzima. Karibu atakuja."

"Alhamdulillahi! Haya, geuza kanda tumjibu."

Akaigeuza. "Zuwena mwanangu," Bi Kijakazi akasema karibu na redio, "twakungoja. Mumeo hapa hana raha bila wewe." Wengine nao wakatoa salamu zao, mmoja mmoja, bila kumtazama mwenye nyumba. Zamu yake ikafika. Akaisogelea redio.

"Zuwena," alisema, kwa Kiswahili, "hujambo?"

"Ala!" Bi Kijakazi akacheka. "Si umetwambia yu mzima?"