Mlango wa Upande wa Barabara

Mama alijigonga ukutani mbele ya macho yangu, na kaka yangu akasema, "Atazoea."

Nilikuwa hata sijautua mkoba wangu. Mama alishika paji la uso, akasimama kidogo kama mtu aliyesahau alichokuwa akienda kuchukua, kisha akageuka taratibu akaelekea upande mwingine, mikono mbele. Pale alipojigonga ndipo ulipokuwa mlango wa nyumba yetu tangu sijazaliwa. Sasa palikuwa na plasta safi, iliyonyooka kabisa. Kaka ni fundi mwashi, na kijiji kizima kinamwita Timazi, ile kamba ya kupimia wima wa ukuta, kwa sababu hawezi kupita karibu na ukuta uliopinda bila kuusema.

Mama haoni. Macho yalimwisha polepole, moja likitangulia, na muda wote huo alikuwa akiihifadhi nyumba mkononi mwake. Akitoka kitandani, kiganja kinapita ukingo wa kabati, kinagusa msumari wa kutundikia nguo, kinafika kwenye komeo. Akifungua, anapigwa na upepo wa mlimani, anajua kumekucha. Tulimnunulia fimbo, akaitumia kufukuzia kuku.

"Nani alikutuma?" nikamuuliza kaka.

"Wewe," akasema.

Hapo damu ikanichemka, maana nilijua anasema nini. Nimeandika vitabu vitano kuhusu kijiji ambacho uchawi umejificha kwenye vitu vya kila siku: kwenye mnyororo wa kisima, kwenye mashine ya kusaga, kwenye sindano ya mshona viatu. Wapita njia hawashuku kitu. Ndani yake kuna bibi mchawi, na nyumba yake ni hii ya mama, hadi ufa wa kizingiti. Mlango tu ndio niliougeuza. Mlango wetu uliipa barabara kisogo, na katika sura ya kwanza bibi lazima amwone mgeni akija. Ningeuacha ulipo, bibi angehitaji macho kisogoni, na uchawi wa namna hiyo siupendi. Kwa hiyo niliuhamisha kwa mstari mmoja wa kalamu, nikaendelea na shughuli zangu. Hiyo ndiyo kazi ya mtunzi, na siombi radhi kwa ajili yake.

"Wageni walisimama pale barabarani, vitabu mkononi," kaka akaeleza. "Wakatazama ukuta mtupu. Wakasema hii siyo. Nyumba ya mwandishi mwenyewe, mdogo wangu. Niliona aibu, nikauhamishia mlango upande wa barabara."

"Ni hadithi, kaka. Nilitunga."

"Najua ulitunga. Lakini tunaoulizwa ni sisi."

Akanitoa nje nijionee. Mwenye mashine ya kusaga alikuwa amepaka mlango wake bluu, kwa kuwa niliandika bluu. Mshona viatu alikuwa amehamia chini ya ngazi za duka, mahali penye giza ambapo mshona viatu mwenye akili asingekaa, ila mimi nilimweka pale ili afiche siri zake. Sasa alikuwa anatunga uzi kwa kubahatisha, amekunja uso. Aliponiona akasema, "Kitabu kijacho, binti yangu, nipe taa." Sikucheka. Nilitamani kuketi chini nilie kwa hasira. Kijiji nilichokijua ndicho nilichokiandika, na sasa hakikuwepo tena, kilikuwepo kile cha vitabuni tu.

Tuliporudi nikaomba nyundo.

"Ya nini?"

"Navunja hapa. Mama arudishiwe mlango wake."

"Hizi ni tofali za udongo," akasema kaka, akiupapasa ukuta. "Milango miwili kwenye chumba kidogo hiki, kuta zinakaa chini. Nikifungua huu, lazima nizibe ule. Na nikiuziba, wageni watasema tena hii siyo." Akanitazama. "Mimi ndiye ninayekaa naye. Ninamwogesha maji ya moto, ninajua anapoumwa. Wewe unakuja, unaumia roho, unaondoka."

Mwenye kusema kweli hana adabu, na kaka alikuwa amesema kweli. Lakini mama alikuwa bado na uvimbe kwenye paji la uso, na ukweli wa kaka haukuupunguza.

Nilimkuta mama amekaa kwenye mlango mpya, vumbi la barabara likimjia usoni. Nikakaa kando yake.

"Mama, kwa nini ulimkubalia?"

"Alinisomea mahali penyewe," akasema. "Nikamwambia asome tena. Nikawaza, kumbe mwanangu tangu utoto alitamani mlango uangalie barabara. Baba yako aliuweka upande wa mlimani kwa ajili yangu, nilikuwa napenda ule upepo. Wewe hakuna aliyekuuliza. Nikasema, basi, na yeye apewe lake."

Nikashika mkono wake.

"Sikuutamani, mama. Nilitaka tu bibi amwone mgeni."

Akaugusa ule uvimbe wa paji la uso. Kisha akasema, bila hasira, "Kumbe. Kwa hiyo nimejigonga bure."

Niliingia ndani nikachukua karatasi, nikaandika kwa ghadhabu bila hata kukaa vizuri. Hasira yangu kaka haiogopi, lakini kilichochapishwa anakiheshimu. Nilipomaliza nikamsomea: asubuhi moja kijiji kiliamka kikakuta mlango wa bibi umerudi upande wa mlima, na hakuna fundi aliyekiri. Uchawi ulikuwa umechoka na barabara.

Kaka alisikiliza ameinamisha kichwa. "Hilo linawezekana," akasema. Akatoa utepe wa kupimia, akaupima ukuta pale pale. "Komeo ninalo, sikulitupa. Kitabu kinatoka lini?"

"Mwakani. Wakiwahi."

Akakunja utepe. "Basi mwakani nitauvunja."

Niliomba, nikatishia, nikamwita majina ambayo hatujaitana tangu utoto. Akazidi kusema mwakani, kwa upole, na upole huo ndio uliozidi kuniudhi.

Kesho yake alfajiri nikasikia kitanda cha mama kikilia. Kiganja kikapita ukingo wa kabati. Kikagusa msumari. Nikaruka, nikawahi kusimama mbele ya ukuta, mgongo kwenye plasta. Mkono wake ukafika kifuani kwangu, ukapanda hadi usoni.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

Mkono ulikuwa bado na joto la usingizi, na usingizi ulikuwa umemsahaulisha kila kitu.

"Sogea basi, mwanangu," akasema. "Nataka kutoka nje."