Ngazi ya Boti ya Ghorofa

Mwenye boti alihama, akatuma neno kwamba iuzwe. Baba alikuwa nahodha wake tangu mimi sijazaliwa, na chumba tunachokaa nyuma ya karakana kilikuwa cha kazi hiyo. Kwa hiyo tajiri mmoja wa vifaa vya ujenzi, ambaye watu humwita Saruji, alipopiga simu na kusema, "Kama boti ni nzima na nahodha ni mzima, nachukua vyote viwili," Baba alicheka peke yake mpaka akakohoa.

Boti ilikuwa nzima. Baba ndiye aliyekuwa na kasoro. Tangu augue, mguu wake wa kushoto ulikuwa haumsikii. Mbele za watu alitembea taratibu kama mtu mwenye mawazo, akisimama kumsalimia kila aliyepita ili apumzike. Niliyejua ni mimi tu, kwa sababu mimi ndiye ninayemvalisha kiatu.

Tuliiita boti ya ghorofa. Ina usukani mmoja chini, ndani, mbele ya makochi, na mwingine juu ya paa, kwenye upepo, ambako nahodha anaona samaki wakiruka mbali. Kufika huko kuna ngazi ya chuma iliyosimama karibu wima. Baba hakuwa ameipanda tangu augue.

"Tutawaendesha kwa usukani wa chini," aliniambia asubuhi hiyo nikifuta vioo. "Nitasema juu kuna jua kali. Wewe usiseme kitu."

Mimi hata dukani husubiri niulizwe nataka nini. Kunyamaza hakukuwa kazi.

Saruji alikuja na tumbo lake na viatu vyeupe, pamoja na mkaguzi wa boti, mtu mwembamba aliyeshika nyundo ndogo ya plastiki. Mkaguzi alikwenda moja kwa moja kwenye injini, akaziwekea kiganja.

"Baridi. Vizuri. Wengine huziwasha kabla hatujafika, zisije zikakohoa mbele ya wageni."

"Hizi hazina aibu," Baba akasema. "Hukohoa mbele ya yeyote."

Wakacheka. Mkaguzi akaanza kugonga sakafu, ngo, ngo, ngo, huku ametega sikio. Chini ya kiti cha kuvulia samaki sauti ikabadilika, bu.

"Hapa pameingia maji."

"Pameingia," Baba akasema. "Skrubu za kiti zililegea. Pakatwe, pazibwe upya."

Saruji akamgeukia. "Mzee, wewe unauza au unanunua?"

"Mimi naendesha tu, bosi."

Jibu lilimfurahisha, niliona. Akampiga Baba begani. "Jumamosi nataka kuvua. Jumapili nimtembeze mama watoto na wanawe, wasitapike. Mtu kama wewe ndiye namtafuta."

Baba aliniangalia mara moja, haraka. Nikainama kufungua kamba ili nisitabasamu.

Alipoingia ndani kushika usukani, Saruji alimfuata mlangoni. "Unakwenda wapi? Usukani kama huo hata lori langu linao. Mimi nimefuata ghorofa!"

"Juu kuna jua, bosi."

"Kwani sisi ni siagi?"

Baba alishika vyuma vya ngazi, akajivuta. Mikono yake ina nguvu bado. Mguu wa kulia ulipanda, wa kushoto ukaburutwa nyuma yake ukigonga chuma, na Saruji alikuwa ameshainama kufunga kiatu chake cheupe. Hakuona. Baba akafika juu. Wakamfuata.

Nilibaki chini na kamba mkononi. Boti ilitoka, ikakamata mwendo, ikakata mawimbi bila kuturusha. Baadaye Baba akaipunguza, ikawa inakwenda polepole kama inavyokwenda tunapokokota chambo, halafu akaigeuza mahali padogo kama mtu anavyogeuza sahani. Juu nilimsikia Saruji akishangilia kama mtoto. Nilitamani tusirudi. Kupanda ni kazi ya mikono. Kushuka kunataka mguu utafute kipago ambacho macho hayakioni.

Baba aliiegesha vizuri, nikafunga kamba. Mkaguzi akashuka wa kwanza, akijifuta jasho. "Umri umekwenda, ila mwili bado," akamwambia Saruji aliyekuwa akishuka nyuma yake. "Tengeneza pale kwenye kiti, badilisha mabomba ya maji ya injini, ukavue."

"Nahodha!" Saruji akaita. "Shuka nikupe mkono!"

"Tangulieni, bosi. Nafunika vitu huku."

"Leo sina haraka."

Akaegemea ukingo, akasubiri. Mkaguzi akaulizia choo, akaenda, akarudi. Baba akasema anaangalia mafuta. Kisha akasema upepo mzuri. Mwishowe akaniita, nikapanda.

Alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameielekeza kwenye tundu la ngazi, shati limelowa. "Mguu umekufa ganzi wote," akaninong'oneza. "Nimejaribu. Waambie waende. Sema lolote, mama."

Nikachungulia chini. Saruji aliinua uso, akitabasamu.

"Baba anasema..." nikaanza. Saruji alinitazama mimi, akatazama ule mguu uliokuwa unaning'inia tundoni bila kugusa kipago. Tabasamu likamtoka polepole. Heri angekasirika.

"Pole, mzee," akasema. "Pole sana. Ngoja."

Akavua viatu vyake, akapanda vipago viwili, akamsaidia Baba kugeuka aielekee ngazi, akamshika kiunoni kwa mikono yote miwili. Mimi nilishukia ukingoni mwa paa, nikishika vyuma, hadi chini ili nishike miguu. Mkaguzi aligeukia baharini.

"Boti nimeipenda," Saruji akasema, uso wake ukiwa mgongoni mwa Baba. Nikangoja aseme na lile lingine, la nahodha. Hakulisema.

Baba alilisikia pengo hilo kama mimi. Akaanza kuzungumza kwa sauti ya kazi, sauti ile ile anayotumia na abiria.

"Injini ya kushoto, asubuhi usiilazimishe. Iwashe, iache ingurume kidogo ndipo uondoke. Na ukirudi upepo ukitoka upande huu, isogeze mkia kwanza. Umwambie atakayekuja."

"Nitamwambia," Saruji akasema.

Nikaushika mguu wa kushoto kwa mikono yangu miwili, nikauweka kwenye kipago kinachofuata.