Mzigo Kwenye Injini ya Mwalimu

Walimwita Mama Spana kwa sababu spana namba kumi haikutoka kwenye kilemba chake, hata akienda harusini. Kwa miaka ishirini ya kulala chini ya magari, hakuna injini iliyowahi kumtoa jasho la aibu, mpaka Mwalimu alipolirudisha gari lake kwa mara ya tatu.

"Fundi, limeanza tena," alisema Mwalimu, mtu mpole wa hesabu, aliyeomba radhi hata akipiga chafya. "Nikisimama kwenye taa, injini inazama, nguuu, gari zima linatetemeka kama lina homa. Halafu linatulia. Halafu tena."

"Washa."

Akawasha. Injini ikanguruma pale uani kama paka aliyeshiba. Wakaikodolea macho nusu saa nzima. Haikuzama hata kidogo.

Mama Spana alihisi anachezewa shere. Plagi alishabadilisha. Njia ya hewa alishaisafisha mpaka inang'aa. Alishakata hata umeme wa kiyoyozi, maana kikijiwasha chenyewe huibebesha injini mzigo. Wapi!

"Linakusumbua siku zote?"

Mwalimu akafikiri. "Jumamosi hasa. Nikimpeleka mama mkwe sokoni."

"Basi kesho Jumamosi tunakwenda wote."

Kesho yake asubuhi Mama Spana alijibana kiti cha nyuma, daftari gotini. Kiti cha mbele alikaa mama mkwe na kikapu chake, mwanamke mchangamfu mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti. Kwenye taa za kwanza gari likasimama, injini shwari.

"Mkwe wangu," akaanza mama, "ule ukuta wako mbona umepinda? Mwenzio injinia, mkwe wangu yule mwingine, kajenga wake, umenyooka kama rula."

Nguuu! Mshale wa mizunguko ya injini ukaporomoka, vioo vikagongana meno. Mama Spana akaandika: *Taa za kwanza. Ukuta.*

Kwenye makutano, mama akasema injinia siku hizi anajipigia pasi mwenyewe. Nguuu! *Makutano. Pasi.* Kwenye taa za pili mama alikuwa anamenya ndizi, kimya. Injini nayo kimya. *Taa za pili. Ndizi.*

Mama Spana akasoma daftari lake, akaona limeandikwa kama la mganga. Kwenye taa za tatu, mama mkwe alipomrudia injinia, fundi akachungulia katikati ya viti. Mwalimu alikuwa anatabasamu, anaitikia "ndiyo, mama", lakini mikono yake ilikuwa inaunyonga usukani kama mtu anayekamua blanketi, mpaka mwisho, na kuushikilia hapohapo.

"Mwalimu, egesha pembeni. Usizime." Wakaegesha. "Mama, samahani, hebu tuambie tena habari za injinia."

"Injinia? Ee, kanunua friji la milango miwili."

Nguuu!

"Mwalimu, achia usukani!"

Akaachia. Injini ikapanda, ikatulia. Mwalimu akaitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Ukiukaza hivyo gari likiwa limesimama, pampu ya usukani inailemea injini," akasema Mama Spana. "Gereji hatukuona kitu kwa sababu hakuna aliyeugusa usukani."

Mama mkwe alikuwa ameshaelewa, na macho yanang'aa. "Shika tena, mkwe wangu. Friji la milango miwili!" Nguuu! "Linatengeneza barafu lenyewe!" Nguuuuu! Injini ikakohoa, ikazimika kabisa. Mama akacheka mpaka kikapu kikamponyoka.

Mwalimu hakucheka. "Mama," akasema, na sauti ikamtetemeka kuliko gari, "huyo injinia ananikaa kooni. Miaka sita sasa!"

Mama Spana akatamani kuingia chini ya gari.

"Mbona hukusema?" mama akauliza, ameshangaa kweli. "Mimi namsifia friji kwa sababu sina kingine cha kumsifia! Hajawahi kunipeleka hata dukani. Wewe kila Jumamosi uko mlangoni kwangu. Ya nini nikusifie, na wema wako nauona?"

Mwalimu akapenga kamasi kwa nguvu, akaomba radhi.

Mama Spana akafungua boneti apate pa kuweka uso wake. Akaufuata waya wa swichi ya pampu ya usukani, ile inayoiarifu injini iongeze nguvu usukani ukikazwa. Ulikuwa umekatika. Akauunga, akaufunga tepu.

"Washa, jaribu sasa. Mama, mseme injinia."

"Ana jenereta!"

Mwalimu akaunyonga usukani kwa moyo wote. Mshale haukutikisika.

"Aa, fundi," mama akalalamika, "umeharibu."

Akateremka, akazunguka mpaka upande wa dereva, akamsukuma mkwewe kwa nyonga. "Sogea huko. Nami nataka kuukamua huo usukani. Miaka sita, hata dukani!"