Zamu ya Fundi Kumlisha Mungu

Kuhani wa hekalu la Kihindu alipolazwa hospitali kwa ajili ya ngiri, kazi ya kumhudumia Mungu ilimwangukia fundi cherehani wa mtaa wa nyuma. Sababu ilikuwa nzito na moja tu: ndiye aliyemshonea Mungu nguo, kwa hiyo vipimo vyake alivijua.

Fundi hakuwa na nafasi. Nyumbani alikuwa na mama mzazi, aliyesahau mengi, ila hakusahau kukataa chakula. Dada yake alikwisha kutoa hukumu kwa simu: "Jumapili nakuja na begi. Nikikuta Mama bado hataki kula, naondoka naye. Na usinililie."

Fundi hakumtaka mama yake aondoke. Kwa hiyo alimlisha kwa bidii, amesimama, kijiko mkononi, jicho kwenye saa.

"Fungua mdomo, Mama. Wateja wananisubiri."

Mama alifunga mdomo kama benki siku ya sikukuu.

Ijumaa alfajiri fundi alifika hekaluni na karatasi ya maagizo. Alivua viatu, akagonga kengele, akamwamsha Mungu kwa sauti ya upole ambayo mkewe hajawahi kuisikia. Sanamu ilikuwa ya shaba, ndogo kuliko mtoto wa miaka miwili. Yeye fundi huoga maji ya bomba, lakini alichemsha maji, akayapima joto kwa kiwiko, akaiogesha, akaivalisha. Akaweka wali wa maziwa mbele yake, akafunga pazia, akafungua pazia, akatoa sahani.

Kuhani alipiga simu kutoka kitandani. "Amekula?"

"Amekula. Ila sahani iko vilevile."

"Ndivyo anavyokula siku zote. Umempa muda gani?"

"Nusu dakika hivi."

"Fundi, wewe unamaliza wali kwa nusu dakika?"

"Mimi nautafuna, mzee."

"Robo saa! Unafunga pazia, unatoka, unakaa. Huchungulii. Mgeni wa heshima hakodolewi macho akiwa na tonge mdomoni."

"Lakini mzee, kwani Mungu ana njaa?"

"Hana. Wala halali, kama unadhani ile kengele ni ya kumwamsha. Unajigongea mwenyewe, maana mwili wako umeingia hekaluni na akili umeiacha kwenye cherehani. Chakula nacho ni hivyohivyo. Yeye hakihitaji. Wewe ndiye unayehitaji kujifunza kumpa mtu kitu bila kumsukuma. Sasa niache, muuguzi ananinyang'anya simu."

Mchana fundi alikaa nje ya pazia robo saa nzima, mikono mapajani, bila la kufanya. Dakika tano za mwanzo zilikuwa adhabu. Dakika ya sita alimkumbuka mama yake na kile kijiko, akaona aibu, na kwa kuwa hekaluni hapakuwa na mtu mwingine, aibu yote ilimkalia yeye.

Jumapili dada mtu aliingia bila hodi, begi begani. Alimkuta kaka yake ameketi sakafuni, peku, mbele ya mlango wa chumba cha mama yao. Pazia la mlango lilikuwa limefungwa.

"Mama yuko wapi?"

"Ndani. Anakula."

"Peke yake? Umerukwa na akili?"

"Nipo hapa hapa, nasikia kila kitu. Usichungulie."

"Nisimchungulie mama yangu mwenyewe!" Akanyoosha mkono kwenye pazia. Fundi akaushika.

"Dada, nipe dakika nane. Zikipita hajala, begi nakufungia mimi."

Dada akaketi, kwa shingo upande. Dakika tatu hakikusikika kitu. Ya nne, kijiko kiligonga sahani. Kikanyamaza, kikagonga tena. Dada akamtazama kaka yake, kaka akatazama ukuta kwa unyenyekevu wa mtu anayejua ameshinda.

"Nani hao wanaonong'ona?" Sauti ya Mama ilitoka ndani, kali na nzima. "Kama hamna kazi, nileteeni maji!"

Dada aliinuka, akalisukuma begi chini ya benchi kwa mguu, akaenda jikoni. Akarudi na bilauri tupu.

"Anataka ya moto au ya baridi?"

"Sijui," fundi akasema. "Tumuulize."