Pumzi Nilizozibana

Niliota usiku wa kuamkia mchujo, na ndoto yenyewe ilinikuta na hasira zangu.

Hasira zilikuwa za haki. Klabu yetu ya kulenga shabaha hapa Tanga ilikuwa imebakiza nafasi moja tu kwenye timu, na mimi, Saumu, niliitaka kufa na kupona. Bastola yangu ni ya upepo. Haijui baruti; inasukuma risasi kwa hewa iliyoshindiliwa kwenye silinda ndogo iliyofungwa chini ya mtutu. Silinda hiyo ninaijaza kwa mpira kutoka kwenye mtungi wa kaka yangu Sudi, ambaye ni mzamiaji. Kila kimoja kina geji yake. Jioni ile mtungi ulikuwa umeshuka, na sindano zote mbili zilifika mia na arobaini, zikagoma.

Mwalimu Shemweta, kocha wetu, alinitazama kwa huruma, jambo ambalo sikulipenda hata kidogo.

"Mtungi hauwezi kutoa presha usiyokuwa nayo, mwanangu," alisema. "Vikishalingana, basi. Kwa hewa hiyo risasi zako za mwisho zitakosa nguvu, zitaanguka chini. Subiri mchujo wa mwakani."

"Sisubiri," nilimjibu. Nikafungua mpira, nikautundika ukutani, nikaiweka silinda juu ya stuli kando ya mtungi, nikaenda kulala.

Sasa mtungi umekaa kwenye kochi letu, umevaa msuli wa Sudi.

"Shikamoo," nauambia.

"Marahaba. Umekuja kuomba?"

"Nimekuja kujaza."

Mtungi unasimama na silinda yangu inasimama, mgongo kwa mgongo, na geji inawapima urefu kwa kiganja. Wako sawa. Najua mtungi umeizidi silinda kimo mara nyingi, lakini sibishi.

"Unaona?" unasema mtungi. "Hatuna tena cha kupeana. Hebu niambie, unapolenga, pumzi yako unaifanyaje?"

"Naibana."

"Ukishapiga?"

"Navuta nyingine."

"Na ile uliyoibana, unaiweka wapi?"

Nimebana pumzi tangu nijiunge na klabu, na sijawahi kuuliza zinakokwenda. Najionea aibu.

"Zipo," unasema mtungi. "Kazidai."

Nainuka kwenye kochi, na kochi liko stesheni ya reli, mbele ya dirisha la mizigo. Karani ni shabaha ya karatasi. Pale penye uso ana duara jeusi, na pembeni ya duara la alama kumi ana tundu.

"Hili ni lako," anasema, akilionyesha.

"Samahani. Nililenga katikati."

"Wote husema hivyo. Nikusaidie nini, dada?"

"Nataka pumzi zangu nilizozibana. Zote."

Anazileta kwenye makreti, zimefungwa kwenye chupa za soda. Ninazitambua kwa harufu. Hii ni ya siku mama alipolazwa nikapiga vivyo hivyo, inanuka dawa. Hii ni ya siku mjomba alipocheka kuona mwanamke na bastola. Hii naishika kwa nguvu kuliko nyingine zote.

Mpira unajinyoosha kutoka ukutani hadi kaunta.

"Umekula nini?" unaniuliza.

"Maandazi."

"Kanawe. Mafuta na hewa iliyoshindiliwa hawalali nyumba moja."

Nanawa katika bahari iliyo chini ya kaunta. Samaki changu mmoja ananishikia sabuni. Nikirudi, kengele ya mchujo inalia, na spika inaita, "Saumu hayupo?"

"Yupo, anajaza!" naitika mwenyewe.

Kwa pupa naunga mpira kati ya chupa ya kwanza na silinda, nafungua mpaka mwisho. Silinda inapata homa papo hapo. Inakuwa ya moto, siwezi kuishika.

"Nimeshiba," inasema ikiweweseka. "Na baba yangu ni meli."

"Usiisikilize," inasema geji. "Ukiijaza haraka inapata joto, na ikiwa na joto haisemi kweli. Ikipoa utaikuta na njaa. Fungua polepole."

Naikanda silinda kwa kitambaa cha maji. Wenzangu wanapita na bastola zao, wananiangalia, wengine wanacheka. Moyo unanienda mbio, lakini mikono naikataza. Nafungua chupa kidogo, nasubiri, nafungua kidogo tena. Spika inaita, naitika, naendelea. Hata kama wangezima taa za ukumbi na kwenda zao, ningejaza.

Makreti yanakwisha. Sindano inasimama unywele mmoja chini ya mia na tisini, ambayo ndiyo ninayoitaka. Imebaki chupa moja, na karani ameifunika kwa mkono.

"Hii ni ya kesho," anasema. "Ni pumzi ya risasi yako ya mwisho. Ukiimimina, risasi hiyo utaipiga ukiwa unapumua, kama mtu anayekunywa chai."

Naogopa, sifichi. Sijawahi kupiga hivyo.

"Imimine," nasema.

Sindano inapanda mahali pake. Nataka kuichomoa silinda, na mpira unaning'ang'ania mkono.

"Utaondoka bila kuaga?" unasema. "Hewa iliyobaki ndani yangu uiruhusu itoke kwanza, ndipo tuachane. Ukininyofoa hivi hivi nitakuchapa."

"Samahani. Kwaheri ya kuonana." Nalegeza skrubu ndogo ya pembeni, na mpira unashusha pumzi ndefu, tssss.

Niliamka na sauti hiyo masikioni. Kulikuwa kumepambazuka. Mtungi ulikuwa pale pale bila msuli, na mpira ulikuwa ukutani nilipoutundika. Niliinamia geji ya mtungi: mia na arobaini. Niliinamia geji ya silinda.

Mia na tisini.

Niliigusa. Ilikuwa baridi, imepoa kabisa, kwa hiyo haikuwa inasema uongo. Mlangoni Mwalimu Shemweta alikuwa anabisha hodi, amekuja kunibembeleza nisiende.

Kwa mshangao nilitaka kubana pumzi, kama ninavyofanya siku zote. Nilijaribu, nikajaribu tena. Haikubanika.

"Sawa," nilijiambia, nikaifunga silinda kwenye bastola, nikaenda kumfungulia.